Watoto wa Beji ya Manjano

Mwalimu Mkuu alikuja mwenyewe nyumbani kwa Bibi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ahamie shule ile. Alikuja na kitambaa cha manjano kimekunjwa kwapani. Alitaka beji arobaini, ndogo, za kushonwa juu ya mfuko wa shati, kingo zikunjwe vizuri zisitoe nyuzi.

"Ni za nini, Mwalimu?" Bibi aliuliza, huku anakipima kitambaa kwa vidole.

"Kuna wanafunzi tumewachagua. Ni watoto maalumu."

Neno hilo lilimwingia Bibi vizuri. Alikuwa ameshona sare za shule ile miaka mingi, mpaka macho yameanza kuomba likizo, na hajawahi kuona shule inamchagua mtoto kwa jambo jema bila sherehe ndefu na hotuba tatu. Akaona safari hii wamepata akili, wanawatambua watoto kimyakimya. Alizishona beji zile siku mbili. Kila moja aliipitisha mshono wa pili ambao hakuna aliyeuomba, akazipiga pasi, akazifunga kumi kumi kwa uzi.

Jumatatu mjukuu wake alirudi nyumbani na beji moja kifuani.

Mjukuu huyo alikuwa na miaka kumi na mitano na jina lake la nyumbani lilikuwa Kidosho, alilopewa alipokuwa mdogo kama kiganja. Sasa alikuwa mrefu kuliko Bibi, ana miguu isiyojua iende wapi, lakini jina lilikuwa limeshaganda. Bibi alikuwa amemlea tangu ana miaka minne. Mama yake alifanya kazi mbali, katika jiko la watu, na kila Jumapili alituma sauti kwenye simu, akiongea upesi kama mtu anayechungulia mlango.

"Hongera, mjukuu wangu!" Bibi alisema, akainuka kabisa kutoka kwenye cherehani.

Kidosho alimtazama. "Hongera ya nini, Bibi? Hii ni beji ya wahalifu."

"Wahalifu gani tena?"

"Wahalifu watarajiwa." Akavua shati, akalitupa juu ya kitanda. "Na umeishona vizuri sana. Nimejaribu kuichana, haichaniki."

Habari kamili Bibi aliipata kwenye mkutano wa wazazi. Walikalishwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwagusa kidevu, halafu mbele yao akasimama kijana mmoja aliyeitwa Mshauri. Alikuwa na viatu vyenye ncha kali na karatasi nyingi. Alisema kwamba vijana wengi wanaingia kwenye magenge ya mitaani, na kwamba yeye na wenzake wametengeneza fomu ya kujua nani ataingia kabla hajaingia. Fomu ina maswali ishirini. Kila jibu lina alama zake. Mtoto akizidi kumi na mbili, huyo yuko kwenye hatari.

Akayasoma maswali, taratibu, kama anayesoma orodha ya zawadi. Mtoto haishi na baba, alama mbili. Familia imehama nyumba ndani ya miaka mitatu, alama moja. Amewahi kupigana shuleni, alama mbili. Ana rafiki aliyeacha shule, alama tatu. Analelewa na bibi au babu, alama mbili.

Bibi akanyoosha mkono. "Samahani, mwanangu. Hizo alama mbili za mwisho, ni mimi?"

"Si wewe binafsi, Mama. Ni takwimu tu."

"Takwimu hailali nyumbani kwangu. Nyumbani kwangu nalala mimi."

Wazazi walicheka. Mshauri naye alitabasamu, lile tabasamu la mtu anayesubiri mtoto amalize kulia, akaendelea. Lakini Bibi hakuwa mtu wa kumnyima mtu haki yake. Aliona kwamba Mshauri, katikati ya maneno yake, alisogea akaigeuza feni imwelekee Bibi, kwa sababu Bibi alikuwa anatoka jasho. Hilo alilitia moyoni. Yaliyobaki aliyaona ni takataka zilizopigwa chapa.

"Na beji ni ya nini?" aliuliza baba mmoja.

"Ni ili walimu wawatambue kwa urahisi," Mwalimu Mkuu akajibu, "wawape upendo zaidi."

Huo upendo ulikuwa hivi. Kila siku masomo yakiisha, wenye beji walipelekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo, karibu na lango, wakae humo saa nzima. Chumba kilipewa jina la Darasa la Uangalizi. Mwalimu wa zamu aliingia, akahesabu vichwa, akakaa kona na simu yake. Watoto walikuwa arobaini. Kati yao, wanne tayari walikuwa watu wa Jenerali, kiongozi wa genge la mtaani.

Shule nzima iliwajua hao wanne, hakuna aliyehitaji fomu. Zamani walilazimika kuwatafuta wenzao mmoja mmoja vichochoroni, kwa maneno matamu na kwa jasho. Sasa Mwalimu Mkuu alikuwa amewapunguzia kazi. Aliwaletea wengine thelathini na sita, wamekaa kwenye viti, mlango umefungwa, wamekasirika, na kila mmoja amevaa alama kifuani ya kumwambia kwamba hakuna anayemtegemea kwa jema. Hata mtu mjinga angechukua muda kufikiria upumbavu wa namna hiyo. Hawa waliufanyia semina.

Na huyo Jenerali! Bibi alimjua vizuri kuliko alivyotaka. Alikuwa na miaka ishirini na sita, hajaona vita yoyote isipokuwa ya maneno, na makao yake makuu yalikuwa kiti cha plastiki nyuma ya pale wanapooshea magari. Alikuwa anaogopa mbwa. Mama yake alimfulia nguo mpaka soksi. Bibi mwenyewe alikuwa ameipanua suruali yake kiunoni mara mbili, maana ukubwa wa Jenerali wote ulikuwa unaelekea huko. Watoto walichukua simu na mikoba ya watu, yeye alikaa. Watoto walishikwa, yeye alikaa. Akisimama ilikuwa kufuata kivuli.

Wa kwanza kuja nyumbani kutoka kwenye lile darasa alikuwa msichana mmoja mwembamba aliyeitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukufungwa. Alikuwa mmoja wa wale wanne, na Bibi alilijua hilo. Lakini alimwona pia akiinyakua ndoo ya maji mkononi mwake bila kuambiwa, akaipandisha ngazi mbio, akarudi kuchukua ya pili. Alimwona akila akiwa amesimama, karibu na mlango, kama mtu aliyezoea kufukuzwa kabla ya kumaliza.

"Kaa, mwanangu. Kiti hakiumi."

Chiriku alikaa ncha ya kiti, akacheka peke yake, akala polepole. Tangu siku hiyo akawa anakuja.

Kama Bibi angeishia hapo, huenda mambo yangekwenda vizuri. Lakini maneno ya mtu mwenye karatasi yana tabia ya kukuingia hata ukiyadharau. Alama kumi na saba. Ndizo alizopata Kidosho. Bibi alikuwa akikata kitambaa, anajikuta anaziwaza. Mtoto akichelewa dakika kumi, anatazama saa. Akiwa na kibanio kipya cha nywele, anajiuliza amekipata wapi. Akicheka kwenye simu, anapunguza kasi ya cherehani ili asikie. Yeye aliyekuwa anamjua mjukuu wake mpaka mlio wa hatua zake, alianza kumtazama kama mzigo ulioachwa njiani.

Mchana mmoja Kidosho alipokuwa anaoga, Bibi aliufungua mkoba wake wa shule.

Alikuta madaftari, kitana, kipande cha mkate kwenye karatasi, na kalamu iliyotafunwa. Hakukuwa na kitu. Na jambo lililomchoma baadaye, kila alipolikumbuka, ni kwamba alipokosa kitu alipekua tena. Alitia mkono mpaka chini kabisa, kwenye makombo.

Alipoinua kichwa, Kidosho alikuwa amesimama mlangoni na taulo, maji yanamdondoka.

"Umepata, Bibi?"

Ingekuwa rahisi kusema samahani. Neno lilikuwepo, karibu kabisa. Lakini Bibi alikuwa mtu mzima, na watu wazima wa ukoo wao hawakuzoea kuomba radhi kwa watoto. Walizoea kununua soda na kujifanya wamesahau. Akasema, "Mimi ni mkubwa wako. Nina haki."

"Sawa," akajibu Kidosho.

Tangu siku hiyo shikamoo yake ilitoka kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Alirudi jioni zaidi. Ile beji aliyokuwa anaificha chini ya sweta, sasa sweta aliliacha nyumbani. Bibi aliona vijana wengine wa lile darasa wanapita barabarani wameibandika upande, au begani, kwa madaha. Kitu walichofungiwa nacho kwa aibu walikuwa wamekigeuza sare, na Mwalimu Mkuu, kila alipowaona wakipita kwa safu, alidhani mpango wake umeleta nidhamu.

Jumatano Chiriku alikuja peke yake. Alikuwa amebeba kitambaa cha manjano.

"Bibi, Jenerali anaomba beji nyingine. Za wale wasiosoma. Anasema zako zimeshonwa vizuri kuliko za polisi."

"Mwambie Jenerali wako mama yake ana sindano."

Chiriku alicheka mpaka akajishika tumbo. Kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kulimtisha Bibi kuliko kitambaa.

"Bibi, Ijumaa usimruhusu Kidosho atoke."

"Kuna nini Ijumaa?"

"Zamu yake. Wanakwenda dukani kwa muuza simu. Yeye atasimama mlangoni tu, aangalie nje. Lakini ukishasimama mara moja, basi. Wanakuambia tumekuona, na wewe unajua wamekuona."

"Wewe ulisimama?"

"Mimi niliingia." Akakikunja kitambaa, akakikunja tena mpaka hakikunjiki. "Usimwambie nimekuambia."

"Na kwa nini umeniambia?"

Chiriku akafikiri kidogo. "Hujawahi kuniuliza mimi ni mtoto wa nani," akasema, akatoka.

Alhamisi Bibi alivaa nguo zake nzuri akaenda shuleni. Alikuwa amefikiria kwenda polisi, akaacha. Jina la Kidosho likishaandikwa kwao, nani angelifuta? Shule, alijiambia, angalau ina watu waliosoma. Alimkuta Mwalimu Mkuu na Mshauri wanakunywa chai ofisini. Akawaeleza yote, isipokuwa jina la aliyemwambia. Akaeleza kwamba watoto wanakusanywa stoo na kukabidhiwa kwa Jenerali kama mzigo uliofika. Akaeleza kuhusu kesho.

Mshauri aliweka kikombe chini. Macho yake yaling'aa.

"Kidosho? Yule wa kumi na saba?" Akageukia Mwalimu Mkuu. "Unaona? Unaona! Fomu ilisema!"

Alikuwa na furaha. Hakuificha hata kidogo. Alichukua kalamu akaandika jambo hilo ubavuni mwa ripoti yake, akalipigia mstari, kama mtu ambaye ng'ombe aliyesema ni mgonjwa amekufa kweli.

"Mwanangu," Bibi akasema, "mtoto bado hajafanya lolote. Ni kesho. Leo bado tunaye."

"Bila shaka, Mama. Na umefanya vizuri kuripoti. Mfungie ndani. Mnyang'anye simu." Akainama mbele, kwa upole, kama daktari. "Na upekue mkoba wake kila siku. Hiyo ndiyo dawa, upekuzi wa mara kwa mara."

Bibi aliutazama mkono wake. Alijisikia kama mtu aliyekutana barabarani na gauni lake mwenyewe limevaliwa na mwizi. Alikuwa amemdharau huyu kijana, viatu vyake na karatasi zake, wiki tano nzima. Na wiki hizo hizo, nyumbani, alikuwa amefanya alichosema, bila hata kuambiwa, na bila feni. Jenerali alikuwa mpuuzi, Mwalimu Mkuu alikuwa mpuuzi, huyu naye alikuwa mpuuzi mwenye cheti. Lakini hakuna kati yao ambaye Kidosho alimtegemea amwamini. Huyo alikuwa mmoja tu, na alikutwa mkono uko kwenye makombo.

"Chai, Mama?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Kunyweni," akasema Bibi.

Ijumaa hakufunga mlango. Alipika, akamwachia Kidosho chakula, na Kidosho aliporudi akala akatoka, hakumuuliza anakwenda wapi. Alihesabu muda wa kutosha, akajifunga nguo yake, akatoka nyuma yake kwa mwendo wa magoti yake.

Nyuma ya pale wanapooshea magari palikuwa na matope na povu. Jenerali alikuwa kwenye kiti chake, anajisafisha sikio kwa ufunguo. Mbele yake walisimama kama vijana ishirini wenye manjano kifuani. Kidosho alikuwa mbele, mikono nyuma. Chiriku alipomwona Bibi aliinamisha uso.

"Eeh, Bibi!" Jenerali akapaza sauti. "Umekuja kujiunga? Tuna nafasi ya mpishi!"

Vijana wakaangua kicheko.

"Suruali hiyo nimeipanua mara mbili," Bibi akasema, bila kupandisha sauti. "Nyamaza kidogo, kijana, isije ikahitaji ya tatu. Naongea na mtu."

Safari hii walicheka zaidi, halafu wakakumbuka wanamcheka nani, wakanyamaza.

"Bibi, nenda nyumbani," Kidosho akasema. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu.

"Nitakwenda. Sikuja kukuchukua."

"Umekuja kufanya nini?"

Bibi alikuwa amepanga maneno njia nzima na sasa hakuyaona hata moja. Akayasema yaliyokuja.

"Nimekuja kukuomba msamaha. Nilipekua mkoba wako. Sikukuta kitu, nikapekua tena. Ukanikuta, nikakuambia nina haki. Sikuwa na haki. Niliamini karatasi ya mtu niliyekuwa nimemwona mara moja tu, nikaacha kukuamini wewe niliyekulea miaka kumi na moja. Nilikosa. Nisamehe, Kidosho."

Maji tu yalisikika yakitiririka kutoka kwenye mpira wa kuoshea. Vijana wale walikuwa wamezoea watu wazima wanaofoka, wanaolia, wanaopiga na wanaotisha kwa polisi, na kwa kila namna hiyo walikuwa na jibu. Kwa hii hawakuwa nalo.

"Mtu mzima anaomba msamaha?" kijana mmoja wa nyuma akanong'ona.

"Baba yangu alinivunja jino," mwingine akasema, kana kwamba anatoa hesabu ya mvua, "hakusema hata pole, akanunua pikipiki."

"Maigizo!" Jenerali akapiga makofi. "Maigizo ya shule! Haya, mpigieni makofi Bibi!" Alipiga peke yake. Akapiga tena mara mbili, akaacha, akaangalia mikono yake kama iliyomwangusha. "Kidosho. Chagua. Sisi au huyu kikongwe."

"Usichague chochote kwa ajili yangu," Bibi akasema. "Mimi nimemaliza nililojia. Chakula cha jioni kipo, uje usije."

Akageuka. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kugeuka. Magoti yalitaka kukaa palepale, macho yalitaka kurudi nyuma. Alitembea kwenye matope hatua kwa hatua, akasikia nyuma yake Jenerali akisema jambo, na sauti nyingine ikimjibu, na hakuelewa maneno. Akafika barabarani. Hakuna aliyemfuata. Akapita duka la kwanza, akapita la pili. Akajiambia kwamba amesema kweli angalau, na hilo halikumfariji hata kidogo.

Ndipo akasikia hatua. Alizijua kabla hazijafika.

Kidosho alimpita, akaendelea mbele yake hatua tatu, bila kumtazama. Shati lilikuwa limechanika juu ya mfuko. Beji ilikuwa imeondoka na kipande cha kitambaa.

"Sijakusamehe," akasema, akiangalia mbele.

"Sawa."

"Na usinishike mkono."

"Sawa, mama."

Wakaenda hivyo kwa muda. Watu walipita na mizigo yao. Kidosho akapangusa pua kwa mkono wa shati.

"Chiriku amebaki kule."

"Nimemwona."

"Yeye hana mtu wa kumwomba msamaha, Bibi. Hata akitaka kukasirika, akasirike na nani?"

Bibi alimwaza yule msichana kwenye ncha ya kiti, akila polepole. Aliwaza pia Mshauri, ambaye Jumatatu angefuta jambo kwenye ripoti yake kwa masikitiko, kwa sababu fomu ilikuwa imekosea.

Walifika kwenye mtaro wa maji machafu. Kulikuwa na ubao mmoja mwembamba wa kuvukia, umeloa. Kidosho aliuvuka kwa hatua mbili, akaendelea kidogo, kisha akasimama. Akarudi nyuma mpaka katikati ya ubao, akampa Bibi mgongo, akashusha bega moja.

"Bega," akasema. "Si mkono."

Bibi akalishika.